Bi Pimbi, Bwana Kiboko na Ramani ya Simu

Hadithi, jamani, hadithi!

— Na ije!

Ije mikono mitupu?

— Ije na utamu wake!

Na nani asinzie?

— Asinzie jirani!

Haya. Na wewe unayechezea simu huko nyuma, endelea tu kuichezea, maana hadithi hii ni ya simu.

Hapo kale, lakini si kale sana, mtandao ulikuwa umeshafika, palikuwa na soko la wanyama kando ya mto. Nyuma ya jabali la soko hilo alikaa Bi Pimbi, kijinyama kisichofika magotini mwa mbuzi. Kazi yake ilikuwa kupika vitumbua. Si vitumbua vya kubabaisha! Vya mchele uliolowekwa, tui zito na iliki. Uji wa mchele ukigusa chuma cha moto, chwiii! Harufu ikipanda, hata aliyeshiba anaona njaa. Nyumba yake ilikuwa ndani ya jabali hilohilo, na watoto wake walilala nyuma ya jiko.

Mbele ya jabali, barabarani kabisa, alikaa Bwana Kiboko. Naye aliuza vitumbua. Vyake vilikuwa vimeungua nje na vibichi ndani. Ukimtupia mbwa, mbwa anakasirika. Sasa vilinunuliwaje? Vilinunuliwa kwa sababu tumbo lake lilikuwa limeziba njia.

Tena wanyama wa soko lile walikuwa wameacha kutumia pua. Mnyama akisikia njaa, anatoa simu, anaandika, "vitumbua karibu nami." Simu inamwambia pa kwenda, naye anakwenda. Simu ingemwambia aingie mtoni, angeingia na viatu.

Siku moja Bi Pimbi akapika, akangoja, hakuja mtu. Kesho yake akapika, akangoja, hakuja mtu. Kesho kutwa akapika, akangoja, mara akapita Kanga, yule ndege mwenye madoa, mbiombio kama kawaida yake.

"Bi Pimbi! Kumbe upo? Pole, mwenzangu, kwa kufunga biashara!"

"Nani kafunga?"

"Wewe. Simu imesema."

Kanga akamwonyesha. Kwenye ramani ya simu palikuwa pameandikwa: *Vitumbua vya Bi Pimbi. Kibanda kimefungwa moja kwa moja. Nenda kwa Bwana Kiboko.*

"Nani kaandika haya?"

Kanga akatazama juu, akatazama chini. "Mimi sijasema kitu. Ila jana nilimwona Bwana Kiboko anabonyeza simu huku anacheka peke yake."

Bi Pimbi akaenda hadi barabarani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, kijukuu."

"Mbona umeniandika nimefunga?"

Kiboko akacheka, hoo, hoo, hoo! "Sijakosea, nimetangulia tu. Desturi ya soko unaijua. Jiko likizimika, mahali pake anapewa jirani. Mwezi ukiandama utakuwa huna mteja, huna kuni, huna moto. Nami nalitaka lile jabali niweke jiko la pili."

"Na watoto wangu?"

"Mashimo ni mengi duniani."

Neno hilo lilimuuma Bi Pimbi. Akarudi nyumbani, akalia, akajifuta kwa upindo wa leso. Akawatazama wanawe walivyolala wamerundikana. Kisha akasimama, akasema, "Jiko langu halizimiki."

Akachukua simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka. Simu ikamuuliza: Wewe ndiye mwenye kibanda? Akajibu: Ndimi. Ikamuuliza: Una uhakika? Akajibu: Kuliko wewe. Akapiga picha jiko, akapiga picha vitumbua vinavyotoa moshi. Akaandika saa za kufungua, saa za kweli, tangu alfajiri hadi jua la utosi. Akaandika na njia, kama wenyeji wanavyoelekezana: *Pita kushoto ya tumbo la Bwana Kiboko, fuata jabali, ukisikia chwiii umefika.*

Akabonyeza. Simu ikakataa, mtandao hakuna. Akapanda juu ya jabali, akabonyeza, ikakataa. Akapanda juu zaidi, kucha zinateleza, upepo unamyumbisha. "Jiko langu halizimiki," akasema, akabonyeza. Tii! Ikakubali.

Wa kwanza kuja alikuwa Kanga. Akala, akajilamba.

"Ndugu yangu," Bi Pimbi akamwambia, "usinisifu mimi hapa, mimi najijua. Sema ulichokula huko kwenye simu, wasikie na majirani."

Kanga hajanyamaza tangu azaliwe. Akaandika maneno marefu kama barabara. Akaja Ngiri, akala, akaandika. Akaja Tumbili, akala, akaweka picha yake mwenyewe amekenua meno, kitumbua kinaonekana kidogo pembeni. Haidhuru. Mwisho wake foleni ikazunguka jabali.

Bwana Kiboko akaiona ile foleni inapita kando ya tumbo lake. Pwata, pwata, pwata, akaja.

"We Pimbi! Siri yako nini? Ukinificha nalikanyaga hili jiko, na walio nyuma yake!"

Bi Pimbi akautazama ule mguu ulioinuliwa. Moyo ukamdunda, du, du, du, lakini sauti ikawa laini.

"Mzee wangu, siri yenyewe ndogo. Mimi nimeandika kitu kimoja tu, kwa kuwa mimi ni mdogo. Anayetafuta vitumbua ananiona. Anayetafuta kinyozi, je?"

"Hakuoni."

"Anayetafuta wa kumng'oa jino?"

"Hakuoni."

"Sasa mtu mkubwa kama wewe, mwenye jino bovu apite asikuone? Huoni aibu?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa na kelele, gru, gru, gru. "Ni aibu kubwa," akasema. "Niandike nini?"

"Kila kitu."

Akaandika kila kitu. Vitumbua, supu, kunyoa, kushona, kung'oa meno, kupamba maharusi, kubeba abiria wa uzito wowote hadi mlangoni. Saa za kazi? Saa zote.

"Na wakija?" akauliza.

"Wakija watakuwa wamekuja. Si ndicho unachotaka?"

"Ndicho," Kiboko akasema, akaondoka anapiga mluzi.

Masikini, alikuwa amesahau desturi nyingine ya soko. Pale sokoni, ulichonadi lazima ukitoe. Ukinadi ndizi, uwe na ndizi. Mteja akija ukamwambia "sina" mbele ya watu, wanachota maji, wanalizima jiko lako. Bwana Kiboko alidhani kunadi ni kwa mdomo tu, kunadi kwa simu si kunadi.

Asubuhi na mapema, ngo, ngo, ngo! Ngiri na binti yake.

"Mwanangu anaolewa leo. Mpambe."

Kiboko akatazama huku na huku, akachota masizi ya jiko, akampaka bibi harusi uso mzima. "Ndio mtindo," akasema. Binti akajitazama kwenye simu. Yowe alilopiga liliamsha soko lote.

Soko lote likaja kutazama, na mbele yao akaja Mamba, mdomo wazi.

"Jino la nyuma kabisa. Ingiza kichwa."

"Njoo kesh..."

"Umeandika saa zote. Ingiza kichwa."

Kiboko akachungulia mle ndani, jasho likamtoka. "Fumba mdomo," akamwambia, "jino la namna hiyo hutoka lenyewe." Watu wakaanza kunong'onezana.

Hapo ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Tembo huyo.

"Nimesoma unabeba abiria wa uzito wowote. Kwangu ni kule mlimani. Chuchumaa."

"Mzee Tembo, hayo ni maneno ya simuni tu..."

"Ulinadi, hukunadi?"

Soko likanyamaza, hata Kanga akanyamaza.

"Nilinadi, lakini..."

"Basi chuchumaa."

Kiboko akachuchumaa. Tembo akamwekea mguu mmoja mgongoni, mmoja tu, bado mitatu. Kraa!

"Sibebi!" Kiboko akalia. "Sibebi, sing'oi, sipambi, sinyoi! Sina! Sina kitu!"

"Kasema hana!" likapaza sauti soko zima.

Tembo akachota maji mtoni kwa mkonga, fyuuu! Jiko likasema shhh, likafa. Na jirani wa jiko hilo alikuwa nani?

— Bi Pimbi!

Hasa. Akahamishia chuma chake barabarani siku ileile, na watoto wakabaki na jabali lao.

Bwana Kiboko akatimua mbio, akajitosa mtoni, chubwi! Simu ikalowa ikafa, na yale maneno hakuwahi kuyafuta. Yapo mpaka leo, na wateja bado wanakuja. Ndiyo maana kiboko anashinda majini mchana kutwa, katoa macho na masikio tu. Anachungulia. Akiona mtu anasogea ukingoni ameshika shavu, anazama.

Funzo? Mnataka na funzo? Haya. Mwenye bidhaa nzuri asihangaike kujitangaza; atulie nyuma ya jabali lake, wateja watamwota usingizini. Na mzee wako akikuomba ushauri, mpe ushauri mwema kwa moyo safi, kama alivyofanya Bi Pimbi.

Hadithi imefika ukingoni. Iliyekunogea, nenda nayo kwenu. Isiyekunogea, niachie, chumvi ninayo.

— Tumekwenda nayo!