Boksi Zito la Mama Tuse

Si kila kizito ni kizima. Jana mlimsikia mama mmoja sokoni akimwambia hivyo muuza majiko, mkacheka, na leo mnauliza nani aliyelisema kwanza. Sogeeni basi. Neno hili halikutoka mbali. Lilizaliwa hapa hapa Makambako, kwenye mtumba, na aliyelizaa, mkitaka kujua, ni kompyuta ya kuchezea gemu.

Lakini kabla ya kompyuta palikuwa na uvumi.

Uvumi ulisema kwamba mtaa wa juu kijana mmoja alijiundia mashine ya gemu kwa vyuma vya kuokoteza. Alipoiwasha ikalipuka, bati likaruka mpaka shamba la jirani, na paka wa nyumba ile hajaonekana hadi leo. Hakuna aliyemjua kijana huyo kwa jina. Hakuna aliyeliona bati. Hata hivyo, Mama Tuse, muuza mablanketi, alipolisikia jambo hilo lilimwingia kama mbigili kwenye soksi: ukitoa huku, inachoma kule. Maana binti yake, Tusekile, alikuwa anakusanya vyuma vya mashine kama hiyo hiyo, na alikuwa anaviweka chini ya kitanda alicholalia na bibi yake.

Tusekile alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alipenda gemu ya kuendesha malori, yale marefu ya kupanda milima na mzigo. Kila alipokwenda kwenye kibanda cha gemu pale stendi, vijana walimkalisha mwisho wa foleni. "Dada, wewe usukani wako ni mwiko," walimwambia. "Nenda kageuze ugali." Basi akaapa atakuwa na mashine yake, na ataiunda kwa mikono yake.

Mpya ilikuwa haikamatiki. Akaenda kidogo kidogo, kama ndege anayejenga. Kasha alilipata kwenye ofisi iliyofungwa, lina kutu pembeni. Mazabodi, ule ubao mkubwa ambao vitu vyote huchomekwa juu yake, alipewa na rafiki ambaye kompyuta yake ilikanyagwa. Na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu mpaka zionekane kama kweli, aliipata kwa kubadilishana na mbuzi wake. Mbuzi jike, aliyemlea tangu akiwa hawezi kusimama.

"Umetoa maziwa ukachukua ubao?" bibi yake alimuuliza.

"Ubao huu bibi ndiyo mbuzi mwenyewe. Hapa akifa, sina mwingine."

Ndiyo maana kadi ile alikuwa anaifunga kwenye mfuko wake, kisha anaizungushia kanga, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaa upande ule wa kitanda.

Kilichobaki ni pawa saplai. Hilo ni boksi la chuma linalokaa ndani ya kasha. Linapokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kitu kwa kipimo chake. Likiwa zima, mashine inaishi. Likiwa bovu, linaua vyote vilivyoungwa nalo. Tusekile alipomweleza mama yake hivyo, alidhani anamtuliza. Kumbe ndiyo kwanza amelipaza bati la uvumi juu angani.

"Hilo boksi nitalichagua mimi," Mama Tuse alisema. "Na nisikilize vizuri. Moshi ukitoka humu ndani, hata wa kuwasha sigara, vyuma vyote nauza, na wewe unakwenda kwa mjomba wako Wanging'ombe kupalilia viazi. Nyumba ni hii hii moja."

"Sawa, mama."

Msishangae mama kujipa kazi ya kuchagua. Mkono wa Mama Tuse ulikuwa na sifa sokoni kote. Hapa kwetu baridi ya Juni inamfuata mtu mpaka kitandani, na blanketi jepesi ni mwizi. Yeye alikuwa hahitaji hata kulikunjua. Alilinyanyua kwa kiganja, akafumba macho kidogo, akasema, "Zima," au, "Hili limeshakufa, wamelizika kwenye robota." Watu walimletea pasi awapimie, walimletea sufuria. Sufuria nzito haiunguzi ugali, pasi nzito hainung'uniki kwenye jinzi. Neno lake lilikuwa moja: kizito ndicho kizima.

Wakaenda kwa Kastori, aliyekuwa anauza vifaa vya umeme vya mtumba karibu na kinyozi. Watu walimwita Injinia, naye alikuwa anaitika.

"Kamwene, Mama Tuse! Leo umekuja mwenyewe? Mablanketi yanajiuza?"

"Kamwene. Nataka moyo wa kompyuta ya huyu mtoto. Usinipe wa maiti."

Kastori akaweka mezani maboksi mawili. La kwanza lilikuwa limechubuka, limetoka kwenye kompyuta ya ofisi, karatasi ya maelezo imefifia. La pili lilikuwa jeusi, linang'aa, lina picha ya radi ubavuni. Mama Tuse akalinyanyua lililochubuka, akalirudisha. Akalinyanyua jeusi. Mkono ukashuka. Akatabasamu.

"Hili."

"Mama, tuwashe kwanza," Tusekile alisema taratibu. "Umeme upo hapo kwa kinyozi."

Kastori akacheka mpaka kinyozi akasimamisha mashine yake. "Tuwashe? Binti, wateja wa mama yako huwa wanalala na blanketi kwanza, asubuhi ndiyo wananunua?"

Kibanda kizima kikacheka. Mama Tuse naye akacheka, na kicheko kile kilikuwa kitamu, maana mtu amesifiwa kazi yake mbele za watu.

"Wala usimbishie, mwanangu. Shika mwenyewe. Kizito ndicho kizima."

Tusekile akashika. Kweli lilikuwa zito. Mtoto atambishia vipi mama kwa jambo ambalo soko lote linamwamini? Wakalibeba.

Jumapili baada ya ibada nyumba ikajaa. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, majirani walisimama mlangoni, na Mama Tuse alisimama karibu na ndoo ya maji iliyojaa mpaka juu. Tusekile alikuwa na bisibisi mkononi. Wote walitegemea atachomeka kila kitu, awashe, waone malori. Lakini kadi yake aliiacha kitandani ndani ya kanga, na mazabodi akaisogeza kando. Akachukua feni moja ya zamani, ya kutupa, akaiunga peke yake kwenye lile boksi jeusi.

"Mbona unachelewesha?" mama yake akauliza. "Zile nyingine umezisahau?"

"Mama, bibi alipokuwa anauza ulanzi, alikuwa anampa mgeni kikombe moja kwa moja?"

Bibi, aliyeiuza pombe hiyo ya mianzi miaka mingi, akadakia. "Thubutu! Muuza ulanzi anakunywa kwanza yeye, mgeni anamwangalia. Asipoanguka, ndipo mgeni anapokea."

"Basi nami namwonjesha feni. Mbuzi wangu ni mgeni, atakunywa baadaye."

Watu wakacheka. Tusekile akawasogeza wote nyuma, akafunika macho yake kwa miwani ya bibi, akabonyeza swichi ya ukutani.

Feni ilizunguka. Ikazunguka vizuri tu, majirani wakaanza kupiga makofi. Halafu boksi likalia *paa!* kama bati lililopigwa jiwe, cheche ikatoka kwenye matundu, na moshi mweusi wenye harufu ya nywele zilizoungua ukajaa chumba.

Mama Tuse kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama juu. Bati lilikuwepo. Kisha akaikamata ndoo.

"Mama, usimwage! Maji na umeme! Iache ndoo!"

Tusekile alikuwa ameshaifikia swichi kuu nyuma ya mlango na kuizima. Akarudi, akachomoa waya, akafungua dirisha. Moshi ukatoka taratibu, kama mgeni asiyetaka kuaga. Feni ilikuwa imeungua kabisa. Kitambaa cha mezani kilikuwa na doa jeusi. Basi. Paka wa nyumba alikuwa chini ya kigoda cha bibi, amekasirika.

Mama Tuse hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akaanza kukunja magauni ya binti yake. Majirani wakaelewa, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

"Mama," Tusekile alisema, "Wanging'ombe nitakwenda. Ulisema moshi, na moshi umetoka. Lakini tujue kwanza kilichoungua ni nini. Ningekuwa nimechomeka kila kitu, sasa hivi ningekuwa sina mbuzi wala kadi."

Mama yake akaendelea kukunja.

Bibi akakohoa. "Eda," alimwita Mama Tuse kwa jina lake la utotoni, jambo ambalo alilifanya mara chache. "Huyu mtoto ndiye aliyechagua lile boksi?"

Mikono ikasimama juu ya gauni.

Asubuhi Mama Tuse alilichukua boksi mwenyewe, likiwa limepoa usiku kucha, akampelekea Mzee Luvanda, fundi redio. Mzee akaanza kwa kumaliza umeme uliokuwa umejificha ndani, maana boksi kama hilo hata likichomolewa linaweza kumrusha mtu. Kisha akalegeza skrubu, akainua kifuniko. Akatazama. Akamtazama Mama Tuse. Akageuza boksi ili naye aone.

Ndani nyaya zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Vifaa vilikuwa vichache, vimesimama mbali mbali kama watu waliogombana. Na pembeni, limebandikwa kwa gundi, palikuwa na bonge la zege.

"Mama," Mzee Luvanda alisema, "hapa umenunua tofali lenye waya."

Mama Tuse alilibandua lile bonge, akaliweka kwenye kiganja. Akafumba macho kidogo, kama anavyofanya siku zote. Lile boksi, sasa bila zege, akalinyanyua kwa mkono wa pili. Lilikuwa jepesi kama kopo.

Akaenda kwa Kastori hivyo hivyo, zege mkononi, akipita katikati ya soko bila kumsalimia mtu, na watu wakamfuata.

"Injinia, hili linafanya kazi gani kwenye kompyuta?"

Kastori akalitazama. "Mama Tuse, naapa, nami nilinunua limefungwa. Wanaotengeneza haya mambo wanajua watu wanapima kwa mkono, kwa hiyo wanaongeza uzito."

"Kwa hiyo aliyeweka zege hili alikuwa ananijua mimi."

"Hakujui wewe, mama. Anajua mkono tu."

Watu wote walimngoja Mama Tuse. Angeweza kugombana, na soko lingemuunga mkono. Badala yake aliliweka zege juu ya meza ya Kastori, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Basi jamani, nimeona. Si kila kizito ni kizima."

Kisha akalivuta lile boksi lililochubuka. "Sasa onja."

"Nini?"

"Muuza ulanzi anakunywa kwanza. Liunge kwenye kompyuta yako, si ya mwanangu. Umeme upo kwa kinyozi. Mimi nakaa hapa."

Na akakaa kweli, juu ya robota la mtu. Kompyuta ya Kastori ikawashwa, Tusekile, aliyekuwa amefuata pamoja na watu, akaifungulia gemu ili ifanye kazi ngumu. Kinyozi akamnyoa mtu, akamnyoa mwingine, akamaliza foleni yote. Mara kwa mara mama alisogeza kiganja nyuma ya boksi, pale upepo unapotokea. Vuguvugu. Halikunuka, halikulia. Kinyozi alipokuwa anafagia nywele ndipo Mama Tuse aliposimama.

"Tunachukua hili kwa pesa ile ile. Na lile tofali lako libaki hapo mezani, wengine wajifunze."

Jioni ile Tusekile alichomeka vitu vyote, na cha mwisho kikawa mbuzi wake. Akabonyeza. Feni zikavuma, kioo kikawaka, na lori refu jekundu likatokea chini ya mlima. Mama yake alisimama mlangoni na ndoo, ila safari hii ilikuwa ya mchanga. Aliishika mpaka lori likafika kileleni, ndipo akaiweka chini. Yale magauni akayarudisha kwenye kamba.

Baada ya siku chache wale vijana wa stendi walikuja kuangalia. Mmoja akaomba ajaribu usukani. Tusekile akampa mwiko. "Geuza kwanza ugali, kaka. Foleni inaanzia jikoni."

Mnadhani soko lilimwachia Mama Tuse hivi hivi? Siku ya gulio alimnyanyulia mteja blanketi, akasema, "Zima hili." Mteja akakunja mikono. "Mama, si wewe uliyesema? Si kila kizito ni kizima. Likunjue." Akalikunjua. Katikati palikuwa na tundu la kupita kuku na vifaranga vyake. Soko likaangua kicheko, yeye akacheka kuliko wote, na tangu hapo Makambako hakuna anayenunua blanketi lililokunjwa.

Kwa hiyo wanangu, na nyinyi wazazi wenye watoto wa gemu, mashine ya mtumba inaundika na inadumu. Ila:

Usinunue kifaa ambacho muuzaji anakataa kukiwasha mbele yako.
Usichague pawa saplai kwa uzito, kwa mng'ao, wala kwa picha ya radi.
Usibane matumizi kwenye pawa saplai ukatanua kwenye kadi.
Usichomeke kitu cha thamani kabla hujaonjesha cha kutupa.
Usilifungue lile boksi mwenyewe, hata likiwa limechomolewa. Mpelekee fundi.
Usirundike vitu vyote kwenye ekstensheni moja. Huko mtaa wa juu, tulikuja kuambiwa, ndiyo iliyoungua, na bati halikwenda popote.
Usimwage maji kwenye umeme. Zima swichi kuu, weka mchanga karibu.
Usikubali kuchekeshwa wakati unanunua.
Na mtu akikuambia, "Shika uone kilivyo na uzito," shika, mshukuru, halafu mwambie akiwashe. Si kila kizito ni kizima.