Kaburi Halichimbwi kwa Mapenzi

Kaburi halichimbwi kwa mapenzi. Hayo ndiyo maneno aliyokurushia bibi yako leo asubuhi, Shomvi, uliposema huendi kumchimbia marehemu Ngwale kwa sababu alikuwa na roho mbaya. Ukanuna. Sasa umekuja na wenzako mnaniuliza, babu, maneno haya yametoka wapi? Haya, kaeni. Wewe sogea, unanikanyagia mkeka. Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini hili nilisimuliwa na babu yangu, naye alisimuliwa na waliokuwepo. Methali hii chanzo chake ni hiki.

Zamani za Mdachi, hukuhuku Uzaramo, alikuwepo Mnyamwezi mmoja jina lake Lugusha. Alikuja pwani na mizigo ya watu kichwani, akachoka kurudi kwao, akaoa hapa. Sasa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, mnajua. Mtani anakutukana mbele za watu, anakukamatia kuku wako, na wewe hukasiriki. Lakini ukifa, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi. Haombwi, wala hakufanyii hisani. Huo ndio utani wenyewe, kile kicheko ni maganda tu.

Kijiji kizima Mnyamwezi alikuwa yeye peke yake, basi makaburi yote ya hapo kachimba yeye. Akimaliza kuchimba anajilaza humo shimoni, anasema, "Hili silitoi! Zuri kuliko kitanda changu. Nipeni kuku kwanza." Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Mambo hayo siku hizi yamepungua, watu wamekuwa wastaarabu mno, hata msibani hawachekeshi.

Lugusha alikuwa na mtoto mmoja tu, Kapela. Na jumbe wa kijiji aliitwa Mkamba. Mdachi akitaka watu wa shamba lake la pamba, jumbe ndiye anayewatoa, kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Mwaka ule zamu ilimwangukia mpwa wake jumbe. Jumbe akamficha mpwa wake, akamtoa Kapela. Kapela hakurudi. Wenzake waliorudi wakasema amekufa hukohuko, kwa homa au kwa kiboko, hawakujua. Kazikwa wapi, kama kazikwa, hawakujua vilevile. Lugusha, aliyewachimbia watu wote wale, mwanawe mwenyewe hana kaburi.

Tangu hapo hakumtania tena Mkamba. Wakikutana njiani anapisha, ananyamaza. Wajukuu zangu, mtani akiacha kukutania, ogopa.

Kisha ndui ikaingia. Ikamshika jumbe. Watu wakahamia porini ng'ambo ya mto, wanawe jumbe wakahama, na yule mpwa wake alikuwa wa mbele kabisa. Akabaki mkewe, Mwavita. Lugusha naye hakuhama, maana ndui ilishampitia utotoni, uso wake ulikuwa vishimo vitupu, na ndui hairudii mtu. Kwa hiyo msije mkasema alikuwa shujaa. Hakuwa na la kuogopa. Alikuwa na chuki tu.

Mwavita akaja kumwita. Akaenda, akasimama mlangoni. Jumbe amevimba, macho hayafunguki.

"Nani huyo?"

"Mimi, Lugusha."

"Umekuja kunicheka."

"Kicheko sina."

"Basi nitukane, mtani. Hata kidogo. Nisikie kama zamani."

"Utani ni uongo, Mkamba. Nikikutukana leo nitakuwa nasema kweli."

Jumbe akahema, akahema. Akasema, "Fisi wameshaanza kuja, Mwavita anawafukuza kwa kijinga cha moto. Wanangu watarudi kunizika?"

Hapo mwingine angesema, watarudi, we pumzika. Lugusha akasema, "Hawarudi."

"Na wewe?"

"Nitakuzika."

"Basi umenisamehe!"

"Hapana. Sijakusamehe, wala sidhani kama nitakusamehe."

"Sasa nikuamini vipi? Wanaonipenda wote wamenikimbia."

"Hii ni zamu yangu, jumbe. Na zamu yangu mimi simtupii mtoto wa mtu."

Jumbe akaelewa. Akageukia ukutani, na asubuhi yake akafa.

Kilikuwa kiangazi, ardhi kama kigae. Lugusha alichimba peke yake. Angeweza kuchimba kishimo tu cha kuficha miguu, nani angemuuliza? Mwavita mwenyewe kwa kuuguza alikuwa anasimama kwa shida. Lakini alichimba mpaka shimo likamfika kifuani, akalinyoosha kuta, akakata na mwanandani, kile kishimo cha ndani cha kumlazia maiti, vizuri, kama anavyochimba siku zote.

Alipomaliza, Mwavita akamwambia, "Mtani, mtanie mwenzio. Asiende kimya kama mbwa."

Lugusha akalala shimoni. Akafumba macho. "Hili silitoi," akasema. "Hili ni la Kapela."

Mwavita alijua desturi, hapo ndipo mtani anapobembelezwa kwa kuku. Hakubembeleza. Angembembeleza kwa nini? Alikaa ukingoni mpaka jua likamfikia Lugusha usoni mle ndani. Ndipo Lugusha akainuka, akasawazisha kwa viganja pale alipokuwa amelala, akasema, "Haya. Tumlete."

Mvua ziliponyesha watu wakarudi. Wana wa jumbe na yule mpwa wakaja kwa Lugusha na mbuzi. Mpwa ndiye akasema, "Mzee Lugusha, Mungu akulipe. Kumbe ulimpenda mjomba, ukamsamehe yote."

Lugusha akatema mate chini.

"Nani kakwambia nilimpenda? Nilimchukia akiwa hai, na hata sasa yumo kaburini namchukia. Rudisha mbuzi wako. Kaburi halichimbwi kwa mapenzi. Lingengoja mapenzi, nani hapa angezikwa? Wewe?"

Mpwa akainamisha kichwa, akamwondoa mbuzi wake.

Kapela mpaka leo hajulikani alipolala. Kaburi la jumbe lipo, unalipita ukienda kisimani, halijatitia hata kidogo.

Ngwale alikuwa na roho mbaya, ni kweli, sikatai. Mimi mwenyewe sikumpenda. Jembe liko nyuma ya mlango, Shomvi. Nenda. Nenda umenuna hivyohivyo, hakuna aliyekuambia ucheke. Kaburi halichimbwi kwa mapenzi.