Kibuyu Chembamba cha Bi Pimbi

Aliyesimulia hadithi hii kwanza ni bibi yetu Nyamizi binti Kasanda, kiangazi cha mwaka 1953, alipokuwa mpishi katika chuo kimoja cha ualimu ambako wanafunzi walicheza mpira wa kikapu kila jioni. Aliisimulia huku akichambua kunde, na hakupenda mtu aongeze neno lake. Basi hakuna lililoongezwa.

Zamani hizo za mbali, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na vyuo vyao, nchi yao ilikuwa na kanda tatu: Milimani, Bondeni na Mtoni. Kila ukanda ulikuwa na vyuo vitatu, na kiangazi kilipoanza, vyuo vya kila ukanda vilikutana kumtafuta bingwa wa mpira wa kikapu. Mpira ulifinyangwa kwa utomvu wa mmea wa mbungo. Kapu lilitobolewa kitako, likatundikwa juu ya mti. Du! Du! Du! Mpira unadundwa. Chwaa! Umeingia.

Wazee wasiocheza walikuwa na mchezo wao wenyewe, nao ni kubashiri. Nani atakuwa bingwa Milimani? Nani Bondeni? Nani Mtoni? Aliyepatia nyingi kuliko wenzake alipewa zamu ya kwanza kisimani mpaka mvua irudi. Zamu nyingine zote zilikwenda kwa ukubwa wa mwili.

Miaka ya maji mengi, jambo hilo lilikuwa la kuchekeana tu. Lakini mwaka huo mvua ilikatika mapema. Kisima kilitoa maji kidogo alfajiri, na jua likipanda kilibaki tope. Tembo alikunywa, Nyati akanywa, wa kati wakagombania, na wadogo wakalamba udongo.

Mdogo kuliko wote alikuwa Bi Pimbi, mjane aliyekaa kwenye jabali. Alikuwa na mapacha. Mwezi uliopita mmoja alikufa kwa kiu, akabaki binti mmoja, jina lake Masika.

Siku ya kubashiri, ungo mkubwa uliwekwa kando ya kisima. Ndani yake kulikuwa na alama za vyuo vyote tisa: kokwa za Nyani, kucha za Chui, nywele za mkia wa Twiga, manyoya ya Mbuni, miiba ya Nungunungu, makombe ya chaza ya Fisimaji, na nyinginezo. Kila mwenye nyumba alikuja na kibuyu chake. Alichukua alama tatu, moja kwa kila ukanda, akaenda kuzitia nyuma ya kichaka, kisha akaziba mdomo wa kibuyu kwa nta.

"Mimi nachagua wakubwa tu!" Nyati alinguruma. "Milimani Chui, Bondeni Twiga, Mtoni Kiboko!"

"Bwana Nyati, ni siri hiyo," Mzee Tembo alimkumbusha.

"Siri ya nini, mzee? Mkubwa hushinda, mdogo huokota. Nani asiyejua?"

Mwisho wa mstari, Digidigi aligeuka kumtazama Bi Pimbi.

"Mama Masika, mtoto ameamkaje?"

"Ameamka, kaka Digidigi. Nashukuru hilo tu."

"Sikiliza, dada yangu. Mwaka huu nimewatazama wachezaji wote, mmoja mmoja. Nikishinda, kibuyu changu hiki ni kipana. Tutakunywa nyumba mbili."

"Na usiposhinda?"

"Tutalamba tope pamoja, kama jana."

Bi Pimbi aliitazama miguu ya jirani yake, myembamba kama vijiti vya kuokea samaki. Nani aliwahi kuona mdogo akishinda? Ahadi ya mnyonge, aliwaza, ni kivuli cha kijiti: huwezi kumlaza mtoto chini yake.

Akasogea mbele kwenye mstari.

Zamu yake ilipofika, wote walikuwa wamekwisha kuondoka. Hakuna aliyemtazama wa mwisho. Bi Pimbi akachukua alama moja, akachukua ya pili, akachukua ya tatu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akachukua ya nne. Mpaka anaondoka pale, alikuwa na alama za vyuo vyote tisa.

Nyuma ya kichaka alitoa kibuyu chake, ambacho shingo yake ilikuwa nyembamba kiasi cha kupitisha mkono wa pimbi na si mwingine. Alitia alama ya kwanza, akashindilia pamba ya msufi juu yake. Alitia ya pili, akashindilia tena. Alama tisa, na pamba katikati ya kila moja, zisigongane zikalia. Akatikisa. Kimya! Akaziba kwa nta na kwenda kukitundika kwenye mti wa mgunga wa kisimani pamoja na vya wenzake.

Nyumbani Masika alikuwa amelala kwenye ufa wa jabali.

"Mama, tumebashiri nani?"

"Tumebashiri wote, mwanangu. Lala."

Mashindano yakaanza. Milimani, Nyani waliruka mpaka Chui wakachoka kutazama juu. Mtoni, Fisimaji waliutelezesha mpira katikati ya miguu ya Viboko, nao Viboko bado walikuwa wanageuka. Bondeni ndiko kulikotokea kisanga. Vijana wa Twiga, warefu kama milingoti, walikutana na vijana wa Nungunungu.

"Msukume!" Twiga mmoja alipiga kelele.

"Msukume wewe! Umeona mgongo wake?"

"Basi mzuie!"

"Nimzuie na nini, na kifua changu?"

Fshaaa! Miiba ikasimama. Njia ikafunguka yenyewe. Du, du, du, chwaa! Nungunungu wakawa mabingwa wa Bondeni, na kote kisimani hakuna aliyesema kwamba alilitegemea hilo.

Siku ya kufungua vibuyu wote walikusanyika chini ya mgunga. Kanuni ilikuwa moja: mkono wa mwenye kibuyu ndio unaochomoa. Wakubwa walianza.

Tembo alipatia moja. Nyati hakupatia hata moja.

"Nimeibiwa!" Nyati alifoka. "Twiga gani huyu anayeshindwa na mswaki wenye miguu?"

Wa kati, wengine walipatia moja, wengine hamna. Digidigi alitia mkono taratibu. Kokwa ya Nyani. Kombe la Fisimaji. Na unyoya wa Mbuni.

"Mbili!" wakashangaa. "Digidigi kapatia mbili!"

Digidigi alimtafuta Bi Pimbi kwa macho, akatabasamu. Bi Pimbi aliliona tabasamu lile. Angeweza kusema, "Mimi sina kitu, nimekosea zote," na hadithi ingeishia hapo. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kuibandua nta.

Aliingiza mkono, akapapasa ndani ya pamba. Kitu laini: nywele. Akakiacha. Kitu cha duara: kokwa. Akakichomoa.

"Nyani," Tembo alisema.

Akapapasa tena. Kitu cha ubaridi, kilichopinda kama kijiko.

"Fisimaji."

Akaingiza mkono mara ya tatu, akazama mpaka bega. Ukucha, si wenyewe. Unyoya, si wenyewe. Halafu, chomo! Kitu kikamdunga. Akauma meno, akachomoa mwiba mweusi na mweupe, na kidole kikivuja damu.

"Nungunungu!" Tembo aliinua mkonga. "Tatu! Zote tatu!"

"Ngoja!" Nyati alisogea, pua zikipuliza vumbi. "Mbona anachukua muda mrefu humo ndani? Kitikise hicho kibuyu, bibi!"

Bi Pimbi akatikisa. Kimya.

"Kitikise kwa nguvu!"

Akatikisa kwa nguvu. Kimya kama kaburi.

"Haya, hakina kitu," Nyati alikubali kwa shingo upande. "Uchawi mtupu."

Digidigi alimpa mkono. "Hongera, mama Masika. Basi kesho utanikumbuka."

"Nitakukumbuka, kaka. Nani amsahau jirani?"

Alisema kweli. Alikusudia kumkumbuka.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Pimbi hakulijua. Miaka yote yeye na wadogo wenzake walisimama nyuma kabisa, mbali, na hawakupata kuona mshindi anavyoteka maji. Alfajiri iliyofuata akaja na mtungi kichwani. Tembo akautazama ule mtungi, akatikisa masikio.

"Wa nini huo, bibi?"

"Wa maji, mzee."

"Aa, hapana. Mshindi huteka kwa kibuyu cha ushindi. Zamu moja, kibuyu kimoja. Kisha kibuyu hurudi mtini mpaka mvua inyeshe, kila mtu akione. Ndiyo heshima yenyewe."

Bi Pimbi akautua mtungi. Alipokea kibuyu chake, kilicholala mtini tangu jana, akakizamisha mbele ya macho ya watu wote. Blup. Pamba ikanywa. Blup. Pamba ikanywa tena. Alipokiinua kilikuwa kizito kama jiwe, naye alipokiinamisha mdomoni kikatoa funda moja.

"Bibi ameshiba mapema!" Nyati alicheka. "Haya, wakubwa tupite!"

Alilibeba funda lile shavuni mwake mpaka jabalini, akampa Masika mdomo kwa mdomo. Njiani alikutana na Digidigi akielekea kisimani, midomo yake ina tope la jana.

"Umenikumbuka, mama Masika?"

Hakuweza kujibu, maji yalikuwa mdomoni. Alitikisa kichwa tu, akapita.

Siku ya pili ikawa vilevile. Funda moja.

"Dada yangu," Digidigi alisema, "kibuyu kikiwa kidogo, si neno. Niambie tu kwamba ni kidogo."

Bi Pimbi akatikisa kichwa, akapita.

Siku ya tatu Digidigi alikuwa amesimama kandokando ya njia. Hakuuliza kitu.

Siku ya nne Masika hakufumbua macho. Bi Pimbi alimgusa pua, ilikuwa kavu kama ganda la karanga. Akashuka kisimani mbio. Tembo akamshushia kibuyu kutoka mtini, na wakubwa wakasimama nyuma yake wakingoja alipige funda lake awapishe.

Hakukizamisha. Aliketi chini, akaingiza mkono shingoni mwa kibuyu, akaanza kuvuta.

Ikatoka pamba iliyoloa. Pamba nyingine. Ukatoka unyoya wa Mbuni, ukanata kwenye tope. Zikatoka nywele za Twiga.

"Nini hiki?" Tembo aliuliza polepole.

Ukucha wa Chui. Pamba. Kipande cha pembe. Alivuta bila kuinua kichwa, mpaka alama sita zikalala chini mbele ya wakubwa wote.

"Alibashiri wote!" Nyati alipiga yowe. "Mwizi! Alibashiri nchi nzima! Na Twiga wangu yumo!"

"Twiga wako gani? Nywele hizo ni zangu!" Twiga alidakia.

"Mpisheni Mzee Tembo ahesabu!"

Wakasukumana, pembe kwa pembe, kutazama alama zile. Na wakati wakubwa wameinama chini wakigombana, yule mdogo alikizamisha kibuyu kitupu. Blup, blup, blup, blup! Kikajaa mpaka shingoni. Tembo alipoinua kichwa, Bi Pimbi alikuwa amekwisha kupita chini ya tumbo la Nyati, fyuu, akishika njia ya jabalini.

Nyuma yake alisikia sauti ya Tembo ikitangaza: "Ushindi ni wa Digidigi! Yeye ndiye mwenye mbili. Digidigi! Yuko wapi Digidigi?"

Masika alikunywa. Kwanza maji yalimwagika pembeni ya mdomo, halafu koo likacheza, halafu akafumbua macho.

"Mama, leo ni mengi."

"Ni mengi. Acha nusu."

Bi Pimbi akachukua ile nusu, akateremka mpaka kwenye mti wa mswaki alipokuwa akiishi jirani yake. Wakubwa walikuwa wamekwisha kufika. Walisimama kando, hata Nyati. Digidigi alikuwa amelala kivulini, hapumui tena, miguu imekunjwa vizuri kama mtu anayengoja zamu. Kando yake kulikuwa na kibuyu chake. Tembo alikiinua kwa mkonga, akachungulia ndani. Kilikuwa kipana, kikavu na safi, hakina kitu.

"Hiki kingetosha nyumba mbili," Tembo alisema.

"Ndivyo alivyoniambia," Bi Pimbi akajibu.

Hakuna aliyemfukuza, watoto. Ila tangu siku ile hakurudi kisimani. Alikaa jabalini na binti yake wakaramba umande na kutafuna majani mabichi, na ndiyo maana mpaka leo pimbi humwoni kwenye foleni ya maji.

Ujanja wa mnyonge ukimkosesha mnyonge mwenziwe, umewafaa wakubwa.

Tembo alikufa kiangazi kilekile, na Nyati aliondoka kutafuta mto, hakusikika tena. Kisima kimefukiwa na mchanga. Bi Pimbi alizikwa ufani, karibu na yule pacha wa kwanza. Katika wote waliokuwapo, aliye hai ni Masika peke yake, naye ni mzee sasa. Anakaa jabalini, na kile kibuyu chembamba anacho yeye.