Mbuzi Aliyezaa Madume Matupu

Wapendwa, kabla wazee wa kanisa hawajapitisha vikapu, niwape kisa kimoja. Ni cha bwana mmoja mkulima wa viazi, huko juu milimani. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtageuza shingo kumtafuta na hakuna atakayenisikiliza.

Bwana huyu alikuwa fukara kwelikweli. Shamba dogo, udongo umechoka, watoto watano wanakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni. Shirika moja likaingia kijijini. Halikuja na magunia ya kugawa, lilikuja na masharti. Jenga banda kwanza, panda majani ya malisho, hudhuria mafunzo, ndipo upewe mbuzi jike wa maziwa. Na mbuzi huyo akizaa jike, yule wa kwanza si wako. Unampa jirani anayefuata kwenye orodha, mbele ya kikundi kizima. Mnashika kamba moja wote wawili. Mtoaji anasema, "Nilipewa, natoa." Mpokeaji anajibu, "Nimepokea, nami nitatoa."

Yule bwana alipopokea mbuzi wake, mwenye sikio moja jeupe, alilia. Aliyasema maneno yale kwa sauti mpaka ng'ambo ya mto wakasikia. Na kweli maisha yakabadilika. Watoto wakapata maziwa, mbolea ya banda ikaamsha viazi, mama mwenye nyumba akaanza kuimba jikoni.

Mbuzi akazaa. Jike, na sikio lake moja jeupe kama la mama yake. Sasa anayefuata kwenye orodha ni nani? Ni mama mjane wa jirani, mwenye wajukuu wanne, na kuku. Kuku hao ndio kesi. Walikuwa wanachakura vitunguu vya bwana huyu kila siku, naye alikuwa hajamsalimia mama yule tangu mwaka juzi. Ampe mbuzi? Wewe ungempa? Usijibu haraka, tuko kanisani.

Katibu wa kikundi alipouliza, bwana akasema mbuzi kazaa dume. Katibu akampa pole, akasema wiki ijayo atapita amwone. Hapo jasho likamtoka. Siku ya mnada alidamka, akamficha yule jike chini ya koti, akampeleka kwa mchuuzi wa mbuzi na kumwomba wabadilishane jike kwa dume.

Mchuuzi akamtazama sana. "Mzee, unanipa jike wa maziwa, unachukua dume?"

"Ndiyo."

"Nyumbani wanajua umetoka?"

Mara ya pili mbuzi akazaa jike tena. Bwana akasema dume, akaenda mnadani. Sasa kijiji kikaingiwa na huruma. Akina mama wa kwaya wakaja nyumbani kwake kuombea. Wakalizunguka banda, wakamwekea mbuzi mikono, wakamsihi Mungu aufungue uzao wa kike. Yeye mwenyewe alisimama katikati akiitikia amina, lakini amina nyembamba sana. Mara ya tatu mbuzi akazaa mapacha. Majike wawili! Maombi yalikuwa yamesikiwa mara mbili, na bwana akaenda mnadani na koti kubwa zaidi.

Mmewahi kuishi na beberu? Bwana huyu alikuwa nao wanne, katika banda moja na mbuzi wa maziwa. Maziwa yakanuka beberu, watoto wakayakataa, wakarudi kwenye chai ya rangi. Nguo za kanisani zikanuka. Jumapili benchi lake likawa na nafasi nzuri kuliko yote. Mwisho yule mbuzi jike akashiba majani yenye umande, tumbo likajaa gesi, akafa. Bwana akabaki fukara kama mwanzo, na mabeberu wanne juu yake.

Mjane naye alichoka kungoja. Mwaka ule wa kwanza tu, alibeba maharage yake mpaka mnadani akabadilishana na mchuuzi, akapata jike mdogo mwenye sikio jeupe. Hakupewa na shirika, wala hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai kitu. Lakini mbuzi wake alipozaa jike, alikwenda mwenyewe kwenye kikundi akasema anataka kutoa. Wakamuuliza ampe nani. Akasema ampe jirani yake, kwa kuwa Mungu amemnyima majike.

Kikundi kikakusanyika, vigelegele juu. Kamba ikaletwa, na mwishoni mwake amefungwa mbuzi mdogo mwenye sikio jeupe. Bwana alipoliona lile sikio akalitambua. Mjane akashika kamba akasema, "Nilipewa, natoa." Kisha akamsogelea sikioni.

"Jirani, mchuuzi alinieleza yote tangu siku ile niliyompelekea maharage. Shika kamba, watu wanangoja."

Ndugu zangu, alijua. Alijua kila kitu, na bado akatoa. Yule bwana alifungua mdomo aseme, "Nimepokea, nami nitatoa," na sauti iliyokuwa ikivuka mto safari hii haikufika hata kwa katibu. Alilia tena, lakini kilio hiki hakikuwa kile cha kwanza.

Sasa tuje kwetu. Sisi tulishika kamba zamani. Kuna aliyetusomesha, kuna aliyetupa mbegu mwaka wa njaa, kuna aliyetufungulia mlango tukiwa hatuna pa kulala. Na tulisema kwa sauti kwamba tutatoa. Leo jirani anayefuata kwenye orodha akipita, tunamwambiaje? "Aa, ndugu yangu, mwaka huu kwangu ni madume tu." Na hata waombaji wakija kutuombea tupate, tunaitikia amina.

Mimi simnyooshei mtu kidole. Wala wewe usimtazame jirani yako hapo kwenye benchi. Kila mmoja ainamishe kichwa, ajinuse.