Pepeo la Bwana Takemune

Isome yote, kisha mpelekee mwenzio.

Zamani maharamia wa Japani walishuka pwani ya Korea watu wakiwa kwenye mavuno, wakazoa wake kwa waume wakaenda nao. Mfalme wa Korea akamtuma msomi wake, Seo Mun-gyu, akaombe warudishwe. Mjumbe aliyetangulia alifungwa huko akarudi mifupa mitupu, kwa hiyo Mun-gyu aliondoka kwa hofu, jamani, na yeye ana watoto.

Bandarini bibi mmoja akamng'ang'ania mkono, mgongoni kabeba mjukuu.

"Mwanangu anaitwa Okdan. Huyu ni wake, anaota meno, analia usiku kucha. Usimsahau, baba."

Wengine nao wakamzonga, kila mtu na jina lake. Akayaandika yote.

Huko Japani mtawala, Bwana Takemune, akasomewa barua ya mfalme, maneno mazito matupu. Akacheka.

"Eti 'raia wangu'! Raia gani? Hata majina yao hayajui! Kula, pumzika, urudi kwenu."

Chakula chenyewe kililetwa na mwanamke aliyemnong'oneza kwa Kikorea, "Mimi Okdan," akamweleza na wenzake wanatumikishwa nyumba zipi.

Sasa, desturi ya kule, akija msomi mgeni watu humletea mapepeo ya karatasi awaandikie shairi. Zilikuwa siku za joto, wakajaa mlangoni, Takemune naye akatuma lake. Mun-gyu akaandika tu, uso umekunjuka, mpaka mtawa aliyekuwa mkalimani wake akamtania.

"Mzee, umesahau kilichokuleta?"

"Ndiyo kazi yenyewe hii."

Siku ya karamu Takemune akalifungua pepeo lake ajipepee, akasoma, akashangaa.

"Shairi gani hili? 'Okdan. Mwanawe anaota meno.' Okdan ndiye nani?"

"Ndiye aliyekupikia wali huo, Bwana."

Kila mgeni akageuza lake: jina, na anayemngojea nyumbani. "Wangu ndiye anayenifulia!" mmoja akaropoka.

Takemune akaweka vijiti vyake vya kulia chini. "Mbona hukuniambia?"

"Barua yetu haikuwa na majina, Bwana. Kosa lilikuwa letu."

Meli ilirudi imejaa mateka walioachiwa. Mtoto alimwona Okdan akaangua kilio, hamjui, kisha akamshika nywele, akazivuta, akagoma kuziachia.

Funzo: Mtu asiye na jina ni rahisi kumsahau; ukitaka ahurumiwe, mtaje kwa jina, umtaje na anayemngojea nyumbani.