Blanketi la Nane

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja huko milimani, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Alijaliwa mtoto baada ya kungoja miaka tisa. Ukoo wake una desturi: anayekuja kumwona mtoto huleta blanketi, na humfunika kwa mkono wake mwenyewe. Kulitoa la mwenzako? Hilo ni tusi.

Blanketi la kwanza, la baba yake, lilimfaa sana. Bila hilo baridi ingemuua. Likaja la bibi, likaja la mjomba. Kufika saa sita mchana yalikuwa saba. Shangazi akaingia, akamgusa mtoto usoni. "Jamani, mtoto ana homa! Mfunikeni!" Akaongeza la kwake. Mnacheka? Ngojeni.

Mtoto alilia, kisha akanyamaza, akawa anahema juu juu. Mama yake akaogopa sana, akamwita mkunga.

"Huyu haumwi," mkunga akasema. "Blanketi halina moto. Joto ni lake mwenyewe, ninyi mmelizuia lisitoke."

"Lakini langu jepesi," akasema mjomba.

"Na mimi nimeleta moja tu," akasema bibi.

Wakabaki kutazamana, na mtoto anaishiwa pumzi! Shangazi akaona aibu, akavuta la kwake. Bibi akafuata, na wengine. Likabaki lile la baba. Mtoto akapiga chafya, akatafuta ziwa la mama yake. Nyumba nzima ikashangilia.

Sasa tuseme na sisi. Mungu ameifunika dunia kwa hewa, tusigande. Jua huipasha ardhi joto, na ardhi hulirudisha juu angani. Lakini moshi wa viwanda, wa magari, wa misitu tunayochoma, una hewa isiyoonekana inayolizuia joto hilo lisitoke. Tunaongeza kila siku, halafu tunashangaa mbona joto limezidi na mvua zimepoteza majira. Tunasema dunia inaumwa. Inaumwa, au tumeifunika?

Najua mtaniambia, "Mchungaji, wenye viwanda ndio wenye mablanketi mazito." Kweli kabisa, na wayatoe! Lakini dunia haitapoa tukikaa kunyoosheana vidole.

Mnalijua lile tanuri la mkaa linalofuka nyuma ya kanisa? Mnadhani ni la kijana gani? Ni langu mimi, mchungaji wenu. Kesho asubuhi nalibomoa. Nani anafuata?