Mguu Mlangoni

Ndugu zangu, kuna mji mmoja wa mpakani ambako mtu akikuuliza saa, unamwuliza kwanza: ya huku au ya kule? Kila nchi imejipangia saa yake. Huku ikiwa saa sita mchana, ukivuka geti la mpaka unakuta kwao bado ni saa tano.

Mjini hapo alikuwapo mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hiyo gari la hospitali lilikuwa linawapeleka watoto wakapasuliwe na madaktari wageni. Kuondoka saa sita, na madaktari wale haikujulikana watarudi lini tena. Mama akatazama simu: saa tano. Akasema moyoni, nafasi ipo, ngoja nimwogeshe mwanangu aende safi. Hakujua kwamba mnara wa huku ulikuwa umezimika tangu asubuhi, na simu yake ilikuwa imedaka mnara wa kule.

Yuko bombani anamsugua mtoto, akaona wanafunzi wanamiminika njiani kwenda kula. Akauliza mbona leo shule imewahi kuwatoa.

"Mama Atupele," mwenzake mmoja akamwambia taratibu, "hiyo simu yako iko huku au iko kule?"

Ndoo ikabaki pale pale. Alimfunga mtoto mgongoni na povu kichwani, akakimbia. Anapiga simu, haiendi. Na pale hospitali nani angemsemea? Aliyemfahamu alikuwa jirani yake tu, muuza uji wa geti la hospitali, nao tangu wagombanie kamba ya kuanikia nguo hawakuwa wakisalimiana.

Kwenye kona akasikia injini inanguruma na wazazi wanafoka. Mlango wa gari uko wazi. Mwanamke mmoja ameweka mguu mmoja ndani, mwingine uko chini, na nyuma yake sufuria la uji halina mwenyewe.

"Mama, toa mguu, tunachelewa," dereva anasema.

"Funga tu. Uende na huo mguu, mie nitabaki hapa namngoja mwenzangu."

Ni yule jirani. Alipomwona mama mtoto alimvuta karibu. Alimfuta mtoto povu kwa khanga yake, akamsukuma mama ndani, ndipo akautoa mguu.

Mnangoja niwaambie tukeshe, turekebishe saa zetu? Hilo tunalijua. Leo nauliza jingine. Sisi tuliowahi, sisi ambao saa zetu zinasema kweli, tumo garini tunafanya nini? Tunamhimiza dereva aondoke, wazembe wapate adabu? Mama yule hakuwa mzembe, jamani. Alikuwa anamwogesha mwanawe. Wako wengi waliodaka mnara wa ng'ambo bila kujua, na sasa hivi wanakuja mbio, watoto mgongoni.

Mguu wako uko wapi?